"Imani za kishirikina" ni jina la kosa gani?

Taarifa za polisi wa mikoa ya Kanda ya Ziwa zina sentensi moja ambayo msomaji wa magazeti ya Tanzania anaweza kuimalizia mwenyewe kabla kamanda hajafika katikati. Bibi wa miaka sabini na ushee amekutwa amekatwa mapanga nyumbani kwake, watu wawili wanashikiliwa, na chanzo cha tukio hilo "kinahusishwa na imani za kishirikina". Upelelezi unaendelea. Tunageuza ukurasa, tunasoma za ligi.

Nimeisoma sentensi hiyo kwa miaka mingi na kila mara nabaki na swali lilelile: nimeambiwa nini? Najua bibi ameuawa. Najua kuna mtu aliamini jambo fulani. Sijui aliamini nini hasa, nani alimwaminisha, nani alitoa pesa, wala nani anahamia kwenye lile shamba msimu ujao. Neno lililozaliwa kuwa istilahi ya dini limepewa kazi ya kueleza sababu ya kifo, na kazi hiyo haliiwezi. Mbaya zaidi, pale linapoonekana limeeleza, watu huacha kuuliza.

Tuanze na ukoo wake, maana hapa ukoo una faida. Ushirikina umetokana na shirki, neno la Kiarabu lenye maana ya kumfanyia Mwenyezi Mungu mshirika. Ndugu zake katika Kiswahili ni wengi na wa heshima: shirika, mshirika, kushiriki, ushirikiano, shirikisho. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, KNCU, kilichoanzishwa 1933, kimo kwenye ukoo huo. Waanglikana wanapopokea mkate na divai huita tendo hilo Ushirika Mtakatifu, na Walutheri huliita kanisa lao la mtaani usharika. Aliyeharibika jina ni mmoja tu, na aliharibika kwa kosa linaloeleweka: kugawa uungu usiogawika. Katika Sura ya 31, aya ya 13, Luqman anamuusia mwanawe asimshirikishe Mwenyezi Mungu, kwa kuwa kufanya hivyo ni dhulma kubwa. Hataji fisi, hataji ungo, hataji macho mekundu ya bibi yeyote. Kwa maana hiyo ya asili, mtu anaweza kuwa mshirikina maisha yake yote bila kumgusa jirani hata kwa ukucha, na mwingine anaweza kumuua jirani kwa panga bila chembe ya shirki.

Msikitini neno hili bado lina makali yake. Masheikh hutenganisha shirki kubwa na shirki ndogo, na katika ile ndogo huweka riya, yaani ibada inayofanywa ili watu waone. Kwa kipimo hicho tajiri anayegawa futari mbele ya kamera ana maswali ya kujibu kama alivyo nayo mvaa hirizi. Hirizi yenyewe ina mjadala wake: imeandikwa nini ndani, na aliyeivaa anaitegemea au anamtegemea Mungu? Ziara za makaburini zina mjadala wake, maulidi yana wake, na mara nyingi ubishi unaishia kwenye bidaa, yaani uzushi katika dini, haufiki kwenye shirki. Kwa hadithi zisizo na msingi wowote, wanazo khurafati. Unaweza kukubaliana na masheikh au usikubaliane nao, lakini wanapotamka neno wanapima.

Neno lilipopanda bara na kuingia kwenye magazeti, vipimo vilibaki pwani. Huku limekuwa gunia. Uchawi umo, uganga umo, matambiko ya ukoo yamo, ramli imo, mtu anayeogopa bundi juu ya paa naye yumo. Ukimwita mtu mshirikina leo Dodoma au Mwanza, hakuna anayewaza tauhidi, yaani upweke wa Mungu. Wanawaza mtu anayezunguka kwa waganga usiku. Maneno huhama, na sina ugomvi na mhamo huo. Ugomvi wangu unaanza gunia linapobebwa hadi kituo cha polisi na kuandikishwa kama maelezo ya tukio.

Angalia kwanza nani haitwi kwa jina hili. Mwaka 2011 foleni ya magari ya kilomita kadhaa ilielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Masapila, tuliyemwita Babu. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Dawa ilichemshwa kutokana na mti wa mugariga, na Babu alisema Mungu ndiye aliyemwotesha. Kikombe kimoja, alisema, kinatosha kwa kisukari na kwa UKIMWI. Wapo waliofia kwenye foleni, wapo walioacha dawa za hospitali, na wapo viongozi waliokwenda kunywa huku kamera zikiwatazama. Mitaani na magazetini iliitwa tiba ya Babu. Sasa mbadilishe mtu tu: mti uwe uleule, ndoto ileile, kikombe kilekile, lakini anayekoroga sufuria awe mzee wa kimila mwenye kibuyu na shanga. Tungeiita nini?

Darasani nako ni hivyohivyo. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwaambia watu kwamba dawa yake ingegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mapigano yalianza Umatumbini mwishoni mwa Julai 1905, yeye akanyongwa Mohoro siku chache baadaye, na risasi zikabaki risasi hadi Vita ya Maji Maji ilipokwisha 1907. Walioyaamini maji wakafa kwa maelfu. Wajerumani ndio waliomwita mchawi. Vitabu vyetu vinasema imani ya maji iliunganisha makabila ya kusini dhidi ya mkoloni, na vinasema kweli. Nami sitaki avuliwe ushujaa. Nataka tukiri kwamba dai lake kuhusu risasi lilikuwa la uongo kama dai lingine lolote la dawa ya kinga, na kwamba tumejizuia kulitia kwenye gunia kwa sababu tunampenda.

Makumbusho ya Bujora je? Pale Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, sherehe za Bulabo huanza na maandamano ya Ekaristi, kisha vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kuvuta watazamaji. Vyama hivyo vimepata majina kwa waganga wawili mahasimu wa zamani, Ngika na Gumha, na dawa ya kuvutia watu imekuwa sehemu ya mashindano tangu mwanzo. Maofisa wa utamaduni huketi jukwaa kuu na kupiga makofi. Huo unaitwa urithi. Mganga wa kijiji cha jirani mwenye dawa ya namna hiyohiyo, asiye na jukwaa wala padri, anaitwa jina lingine.

Kwa majirani zetu Kenya, Kaunti ya Kilifi imetoa mfano mchungu kuliko yote. Kaunti hiyo imewazika wazee wengi waliouawa baada ya kuitwa wachawi, na mara nyingi ukichimba unakuta mvi kichwani na ugomvi wa shamba nyuma ya nyumba. Katika kaunti hiyohiyo, Aprili 2023, makaburi ya msitu wa Shakahola yalianza kufukuliwa, na miili iliyotolewa ikapita 400. Waumini wengi walikuwa wamefunga hadi kufa wakiamini wanakwenda kumwona Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa mahakamani na kukana mashtaka. Vyombo vya habari vya Kiswahili vikasema "itikadi kali" na "mafunzo potofu". Neno ushirikina halikujitokeza, ingawa kama kuna mahali imani iliua moja kwa moja, bila panga na bila shamba, ni pale.

Kwa hiyo neno halifuati uongo wa imani, linafuata cheo cha mwenye imani. Mwenye Biblia anapewa itikadi, mwenye makumbusho anapewa urithi, shujaa anapewa imani. Bibi wa Usukumani na watu wanaomzunguka wanapewa ushirikina.

Na kwa bibi huyo ndipo neno linapofanya uharibifu wake mkubwa. Habari za vikongwe wenye macho mekundu zinajulikana tangu Shinyanga hadi Mwanza. Macho yanakuwa mekundu kwa sababu ya moshi. Mwanamke anapika miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha, na kwa kuwa miti ni haba sehemu nyingi za Shinyanga, anawasha pia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Hilo halihitaji mganga kulieleza. Sasa mumewe anafariki. Bibi anabaki na eneo, labda mbuga ya mpunga, labda ng'ombe wachache. Watoto wa shemeji wamekua na wanataka kuoa. Katika mwaka huohuo mtoto wa jirani anaugua homa na kufa, kama watoto wanavyokufa kwa malaria kila masika. Msiba unapelekwa kwa mpiga ramli, mpiga ramli anauliza maswali mawili matatu kuhusu ukoo, kisha anasema mchawi hayuko mbali, ni mwanamke, ni mtu mzima, macho yake si ya kawaida. Mtu mwingine anakodiwa kwa ajili ya panga.

Hesabu watu waliomo humo. Yuko baba aliyefiwa, ambaye huenda anaamini kwa dhati. Yuko mpiga ramli aliyelipwa kutaja jina. Yuko ndugu anayesubiri ardhi, ambaye hahitaji kuamini lolote. Anachohitaji ni kijiji kiamini. Yuko muuaji wa kukodiwa, ambaye imani yake ni noti. Wote wanne wamefunikwa na maneno matatu, imani za kishirikina, na katika maneno hayo yule mwenye huzuni ya kweli na yule mwenye hesabu za ekari wanaonekana sawa. Kwa kweli anayenufaika na neno ni wa pili, maana tukio lake limeshapewa sababu na kamanda wa polisi mwenyewe.

Mauaji ya watu wenye ualbino yana mpangilio huohuo, ila mnunuzi yuko mbali zaidi. Yalipoanza kutikisa nchi kuanzia 2006 na 2007, tuliambiwa ni ushirikina, na mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu aliponyakuliwa na kuuawa Muleba, Kagera, tuliambiwa tena. Lakini kiungo cha binadamu kina mkataji, mbebaji, mganga na mteja, na mteja ana pesa. Hiyo ni biashara. Tungeiita kila siku biashara ya viungo vya binadamu, swali la kwanza la mwandishi yeyote lingekuwa "nani ananunua?" Tukiiita ushirikina, swali linakuwa "kwa nini wananchi bado wako nyuma?", na semina ya elimu kwa umma inaandaliwa kijijini wakati mteja yuko mjini na hajulikani jina. Wakataji tumewaona kizimbani. Mnunuzi ni nadra mno.

Mahakama, kwa bahati, zilishafanya kazi hii ya kutenganisha zamani. Mwaka 1951 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua kesi ya Eria Galikuwa kutoka Uganda, mtu aliyemuua mganga aliyekuwa akimtishia kumwangamiza kwa nguvu zake asipolipwa. Majaji hawakupoteza muda kubishana kama uchawi upo au haupo. Walisema kuamini uchawi, hata kwa dhati, hakutoshi peke yake kumfanya muuaji ahesabiwe kuwa alikasirishwa kisheria, yaani alichokozwa kiasi cha kupunguziwa kosa. Lazima pawe na kitendo halisi cha aliyeuawa, mbele ya macho ya mshtakiwa. Imani kando, kitendo mezani. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino, na kosa walilotiwa hatiani lilikuwa la kuua kwa kukusudia, lilelile la kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu ambalo lingemhusu jambazi wa benki aliyeua. Hakuna ushirikina katika kifungu hicho.

Sheria ya Uchawi, ile ya 1928 ambayo Tanzania inayo hadi leo kama Sura ya 18, ni habari nyingine. Mkoloni aliyeiandika hakutaka kusema uchawi upo, wala hakuweza kusema haupo mbele ya watu waliouogopa, basi akaadhibu hata kule kudai tu kwamba una nguvu za siri. Ndani yake kuna kifungu kinachompa mkuu wa wilaya uwezo wa kumchunguza anayeshukiwa na kumwamuru akaishi mahali fulani. Yaani bibi anayetishiwa na kijiji ndiye anayeweza kuhamishwa. Kenya nayo inayo ya kwake tangu 1925. Sioni kwa nini sheria hizi bado zinapumua.

Serikali ilipojaribu kupambana na gunia zima, ilipata matokeo ya gunia. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Baadaye waganga wakarudi kazini. Januari 2015 marufuku ikatangazwa tena. Kumbe wakati wote huo nchi ilikuwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, inayowatambua waganga na kuwataka wasajiliwe. Mzee anayejua mti wa kutibu tumbo alijikuta kundi moja na anayetaja majina ya wachawi.

Lakini katika vurugu hizo kilizaliwa kitu kizuri ambacho hatujakisifu vya kutosha: msemo "ramli chonganishi". Sijui ofisa gani aliutamka kwanza, namshukuru popote alipo. Haukatazi ramli yote, wala hauulizi mpiga ramli anamwamini Mungu wangapi. Unakamata tendo moja, la kumtaja mtu kwa jina au kwa alama ili wengine wamgeukie. Polisi anaweza kulitafutia shahidi: nani alikuwepo, alisema nini, alilipwa kiasi gani, na nani aliuawa baada ya hapo.

Najua nitaambiwa kwamba mimi ndiye ninayefunika jambo. Bila imani kusingekuwa na soko, wala panga lisingepata visingizio. Kijiji kizima kisingenyamaza asubuhi baada ya mauaji kama wengi hawakuona kwamba bibi alistahili. Hoja hiyo ni nzito na siikatai. Ndugu mwenye hesabu za ekari anahitaji bahari ya waamini ili aogelee humo. Ila kama imani ndiyo adui, basi itajwe ni imani ipi, maana "ushirikina" haisemi uongo uko wapi. Iko imani kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino kinaleta dhahabu Geita, au kwamba nywele zake zikisukwa kwenye nyavu zinaleta sangara Ziwa Victoria. Hayo ni madai yanayopimika, na yakipimwa yanaanguka: wachimbaji na wavuvi walioyafuata wangekuwa wamekwisha tajirika wote. Iko imani kwamba zeruzeru hafi bali hupotea. Nayo inajibika kwa jeneza. Iko imani kwamba mtoto wa namna hiyo ni mkosi wa mama, wakati baba na mama wote wawili wamechangia urithi huo bila kujua. Kwa kila moja kuna jibu. Kwa ushirikina jibu ni mahubiri tu, na mahubiri tumeyasikia.

Ndiyo maana msemo wa watu wa afya, imani potofu, una nafuu lakini si dawa. Unasema angalau kwamba kuna kitu kimepotoka, na mwenye kusema hivyo analazimika kuonyesha kilichonyooka. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu kupima hakuchagui. Kiongozi anayesema kujifukiza nyungu kunamaliza ugonjwa wa mapafu anapimwa kwa mizani ileile ya mganga wa Sumbawanga. (Mji huo nao umeonewa: wenyeji wanasema jina lake maana yake ni "tupa uchawi", na malipo yake ni kufanywa mfano wa uchawi nchi nzima.) Lakini mambo yasiyopimika, kama vile mizimu husikia au haisikii tambiko, mimi si mtu wa kuyaita potofu, wala kamanda wa polisi siye. Hayo awaachie padri, sheikh na wazee wa ukoo wayajadili, mradi hakuna aliyeumizwa.

Niliahirisha mpira makusudi kwa sababu huko mambo ni mepesi na yanaonekana wazi. Kila mshabiki anajua "kamati ya ufundi" haishughuliki na mazoezi ya viungo. Timu inakataa chumba cha kubadilishia nguo, basi linaacha lango rasmi na kutafuta uchochoro, mtu anakimbia katikati ya uwanja na kumwaga kitu kwenye nyasi. Kamati ya ligi inakutana na kutoza faini kwa "vitendo vinavyoashiria imani za kishirikina". Kuashiria! Kanuni za mpira hazina kifaa cha kupima imani ya dereva wa basi, na wala hazikihitaji. Lango la timu limeandikwa, chumba kimepangwa, uwanja hauruhusu mtu asiyehusika. Kamati inaweza kutoza faini ileile, shilingi kwa shilingi, kwa kupita lango lisiloruhusiwa, na klabu ikikata rufaa haitakuwa na pa kushika, kwa sababu picha ya basi likiwa kwenye lango lisilo lake ipo, ina saa na tarehe.